Mafunzo Niliyopata kwa Kusubiri Oili Ifike Juu

Mafundi wengi tukifunga injini upya, macho yetu huwa chini. Tunapima krenki, tunabishana kuhusu metali, tunakagua ringi moja moja. Hedi ikishapanda, kazi ya juu inamaliziwa mbio mbio: mteja amesimama mlangoni, jua linazama, kijana ameshaanza kukusanya spana. Na kwenye injini za pushirodi, huko juu kwenye roka ndiko oili inakofika mwisho na inakokosekana kwanza.

Haya nimeyapata gereji, Morogoro, hasa kwenye injini ya petroli ya Land Rover 109. Ni ile ya silinda 4, 2,286 cc, iliyotoka mwaka 1958 na kuendelea mpaka mwisho wa Series III mwaka 1985. Magari haya bado yapo kazini, yanabeba vitunguu, mbao na mafundi wa visima. Mengi ya nitakayosema yanafaa pia Peugeot 504 ya petroli, Datsun 1200 na Nissan TD27, kwa kuwa zote zinafungua vali kwa pushirodi na roka.

1. Taa ikizimika, umejua jambo moja tu

Mkulima mmoja wa vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni alituletea 109 yake iliyokuwa imefunguliwa na kufungwa upya kwingine muda si mrefu. Injini ilikuwa inagonga juu, tena mlio mkavu, na kila ikipata moto sauti inazidi. Mwenyewe alikuwa ameongeza geji ya presha kwenye dashibodi, maana nyingi za gari hizi zina taa peke yake. Akatuonyesha sindano.

"Fundi, presha si hii hapa? Sasa inalia nini?"

Mzee aliyenifundisha kazi hakujibu. Alifungua kava la tapeti, akapitisha kidole juu ya roka ya mbali zaidi, akamwonyesha mwenye gari hicho kidole. Kilikuwa kikavu, na kimeshika vumbi la rangi ya kahawia kama kutu. Ncha ya roka ilikuwa imegeuka buluu kwa moto.

Geji haikuwa imedanganya. Swichi ya taa na geji vyote vinasoma presha kwenye njia kuu ya oili iliyo ndani ya bloku. Swichi ya kawaida inazima taa presha ikifika takriban nusu baa, wakati injini hii ikiwa na moto na inazunguka mizunguko 2,000 kwa dakika inatakiwa iwe na baa 2.4 hadi 4.5. Hata ukizipata hizo baa 4.5, geji haijui kama kuna tone lililovuka gasketi ya hedi. Tena njia ya juu ikiziba kabisa, presha ya chini inaweza hata kupanda kidogo, kwa sababu oili imefungiwa mlango mmoja wa kutokea. Sindano inapendeza na roka zinakufa.

Tangu siku hiyo nimeona wateja na mafundi wengi wakipumua taa ilipozimika. Ni haki yao kupumua, metali za krenki zimepata oili. Kuhusu roka hawajaambiwa chochote.

2. Jua njia kabla ya kuilaumu

Pampu iko chini kwenye sampu, inazungushwa na gia iliyoshikana na kamshafti. Inavuta oili kupitia chujio, inaisukuma kwenye filta, kisha kwenye njia kuu. Hapo metali za krenki na bushi za kamshafti zinapata fungu lao. Kinachobaki kinapanda kwa njia moja nyembamba: kinatoka bloku, kinapita kwenye tundu la gasketi, kinaingia hedi, kinatokea chini ya mguu mmojawapo wa shafti ya roka. Shafti ni bomba. Oili inatembea ndani yake na kutoka kwa vitundu, kila roka na kitundu chake. Roka ya mwisho ni kama nyumba ya mwisho kwenye bomba la mtaa, wa mbele wakifungua maji yeye anabaki na ndoo tupu.

Si kila injini iko hivyo. Volkswagen Beetle haina njia hiyo ya kwenye hedi, oili yake inapanda ndani ya pushirodi zenyewe, ambazo ni mrija. Ukimwekea pushirodi iliyoziba, umemnyima roka yake chakula. Toyota 1HZ ya kwenye Land Cruiser haina roka wala pushirodi, kamshafti iko juu na inabonyeza vali moja kwa moja, kwa hiyo cha kukagua ni beringi za kamshafti. Fundi anayefungua injini asiyoijua, kazi yake ya kwanza ni kufuata matundu kwa tochi na waya mpaka aweze kusimulia safari ya oili bila kusita. Asipoweza kusimulia, asifunge.

3. Injini ikitoka kwa watu wa mashine ni chafu

Inang'aa, nakubali. Silinda zimechongwa ovasaizi, hedi imeskimiwa inafanana na kioo, na mtu wa mashine amepuliza kwa kompresa akakukabidhi. Lakini unga wa chuma na mchanga wa jiwe la kusagia umeingia kwenye kila tundu, na kwenye injini ya zamani matundu yale yalikuwa na tope la oili ya miaka. Unga ukikutana na tope unakuwa saruji.

Kwenye ile 109 ya vitunguu ndicho tulichokikuta. Mzee alichukua spoku ya baiskeli, akaipinda ncha kidogo, akaiingiza kwenye tundu la hedi pale mguu wa shafti unapokaa. Iliingia urefu wa kidole ikagota. Alipoizungusha na kuichomoa, ilitoka na donge jeusi linalometameta. Tulilisugua kwenye karatasi nyeupe, likaacha chembe za chuma. Hedi ile ilikuwa imetoka kuskimiwa ikafungwa vilevile, hakuna aliyeuliza tundu linakwenda wapi.

Kwa hiyo kwangu utaratibu ni huu. Plagi za njia za oili zinatolewa zote, hata zile zilizoganda. Kila tundu linapitishwa brashi nyembamba au spoku yenye kitambaa, linaoshwa kwa mafuta ya taa, halafu bloku nzima inaoshwa kwa maji ya moto na sabuni ya unga. Wapo wanaoshangaa chuma kuoshwa kwa sabuni kama sufuria. Mafuta ya taa yanaondoa oili, lakini chembe za jiwe la kusagia zinabaki zimeshika kwenye ukuta wa silinda, na sabuni ndiyo inayozing'oa. Unakausha kwa upepo na kupaka oili hapo hapo, kwa sababu kutu haikusubiri ukanywe chai.

Kisha gasketi. Ilaze juu ya bloku, hakikisha tundu la oili linaonekana lote. Inyanyue, ilaze kwenye hedi, angalia tena. Nimewahi kununua gasketi kwenye maduka ya Gerezani ikiwa kwenye boksi zuri la nembo inayojulikana, tundu la oili halikutobolewa kabisa. Na usiipake silikoni. Silikoni inayozidi inakatika vipande, na kipande kimoja kikikaa kwenye tundu lile umerudi ulikotoka. Vipande vingine vinaangukia kwenye sampu na kuziba chujio la pampu, hapo ndipo unakosa oili juu na chini.

Bushi za kamshafti nazo zina tundu, na tundu hilo linatakiwa likutane na tundu la bloku. Bushi ikigongwa ikakaa upande, umefunga njia kwa mkono wako. Ikishaingia, pitisha spoku kabla ya kuingiza kamshafti.

Halafu kuna jaribio moja ninalolifanya hedi ikishakazwa, shafti ya roka haijapanda na sampu bado iko chini. Namimina mafuta ya taa kwenye tundu la hedi, nafunga bomba la kompresa kwa kitambaa, napuliza taratibu. Kijana anakuwa amelala chini na tochi, akitazama kwenye kamshafti.

"Imekuja?"

"Bado, bosi." Kimya. "Eeh, imekuja! Inanimwagikia."

Anayelalamika kumwagikiwa mafuta ya taa ndiye shahidi wangu. Bila kelele hiyo sifungi sampu.

4. Shafti ya roka ina chini yake

Pushirodi inasukuma roka kwenda juu upande huu, springi ya vali inaisukuma kwenda juu upande ule. Roka imebanwa katikati, kwa hiyo inaikandamiza shafti kutokea chini. Ndiyo maana shafti iliyotumika ukiitazama juu inaonekana mpya, ukiigeuza unakuta mabonde chini yake, moja kwa kila roka. Pitisha ukucha. Ukucha ukinasa, shafti hiyo imekwisha.

Hapo ndipo ujanja wa mjini unapoingia. Mtu anaona upande wa juu haujaliwa, anaigeuza shafti ili upande mzima uwe chini. Kwa macho umeokoa pesa. Kwa injini umehamisha vitundu vya oili, pengine umehamisha hata lile tundu la kuingilia ambalo lazima likutane na mguu wake. Oili inafika mlangoni inakuta ukuta. Shafti ya 109 ina skrubu ya kuishikilia kwenye mguu ili isigeuke, na nimekuta injini ambazo skrubu hiyo haipo na tundu limezibwa kwa gundi.

Miisho ya shafti pia huzibwa. Kizibo kikichomoka, oili inamwagika mwishoni mwa bomba badala ya kwenda kwenye roka. Na bushi za roka zikiwa zimelegea sana, roka za karibu na mlango zinamwaga oili yote na za mbali hazipati. Ukiona roka za upande mmoja zimelowa chepechepe na za upande wa pili zina kiu, kabla ya kulaumu pampu pima ulegevu wa bushi.

Shafti mpya bei yake inauma. Ukilinganisha na kufungua injini mara ya pili, hainiumi.

5. Grisi ni ya beringi za magurudumu

Injini ikifungwa leo na kuwashwa wiki ijayo, oili uliyopaka itakuwa imeteremka. Wengine kwa hofu hiyo wanapaka grisi kila mahali, hata ndani ya shafti. Grisi ya magurudumu haiyeyuki vizuri kwenye oili, inaganda kwenye vitundu na kuishia kwenye filta. Kuna mafuta mazito yaliyotengenezwa kwa kazi ya kufungia injini, ukiyapata yatumie. Usipoyapata, oili nzito safi inatosha ukiipaka siku ile ile ya kufunga.

Pampu ndiyo pekee ninayoijaza kitu kizito, na kitu hicho ni vaselini ya kawaida. Inaziba nafasi za gia ili pampu iweze kunyonya mara ya kwanza, kisha inayeyuka na kupotelea kwenye oili.

6. Hakuna kuwasha mpaka ya nane ilowe

Hii ilikuwa sheria ya Mzee na sijaona sababu ya kuibadilisha. 109 ina vali 8, kwa hiyo roka 8. Injini haiwashwi mpaka roka zote zimeonekana zikitoa oili kwa macho, si kwa kudhani.

Unajaza oili, kama lita 6 kwenye sampu pamoja na karibu lita moja ya filta. Kwenye filta ya kopo lenye karatasi ndani, mimi najaza lile kopo kabla ya kulifunga, vinginevyo pampu inaanza kwa kulijaza na wewe juu unaendelea kusubiri. Plagi za moto zote zinatoka, waya wa koili unachomolewa. Bila plagi injini haina mgandamizo, inazunguka wepesi na metali hazibebi mzigo. Roka zinamiminiwa oili kidogo kutoka nje pamoja na vikombe vya pushirodi, kisha unafuta nje kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Kufuta ni muhimu: unataka oili utakayoiona iwe imetoka ndani ya shafti, isiwe ile uliyoimwaga mwenyewe.

Kisha hendeli. Wenye 109 wana bahati hiyo, gari linakuja na hendeli ya mbele. Mtu anazungusha pole pole, mwingine anatazama juu. Kwa hendeli unahisi kitu ambacho stata haikwambii. Mwanzoni mkono unakwenda wepesi, halafu pampu ikishashika unasikia uzito kidogo umeongezeka. Baada ya hapo unaingia stata, sekunde 10 au 15 kwa awamu, unaipumzisha ipoe, unarudia.

Chini geji inanyanyuka mapema. Juu kunachelewa, na hapo ndipo moyo wa kijana unapoanza kumdunda. Kwanza kunatokea mng'ao mwembamba pembeni ya roka iliyo karibu na mguu wa kuingilia. Unageuka tone. Kisha ya jirani. Zinafuatana hivyo kwenda mbali, na ya mwisho inaweza kukuchelewesha mpaka utilie shaka kazi yako yote. Vijana wanaoona hivyo wanataka kuwasha: "Bosi, tuwashe tu, ikizunguka kwa kasi itapanda."

"Mwanangu," Mzee alikuwa akijibu, "isipopanda kwa upole, kwa kasi itapanda wapi?"

Kuna mtego mmoja hapa. Kwenye baadhi ya injini oili ya juu inapitia tundu la kwenye shingo ya kamshafti, na inapita pale tu tundu hilo linapokutana na tundu la bloku. Kamshafti ikiwa imesimama vibaya, unaweza kuisukuma oili mpaka kesho na usione kitu. Kwa hiyo kabla ya kutamka kwamba njia imeziba, zungusha krenki mizunguko miwili kamili, ambayo ni mzunguko mmoja wa kamshafti, huku presha ipo. Ikikataa hapo, fungua.

Na wenye kutumia drili: inafaa kwenye injini ambazo ukichomoa distributa unaishika pampu moja kwa moja. V8 ndogo ya Chevrolet, iliyoanza mwaka 1955, inajulikana kwa hilo. Lakini hata huko mwili wa distributa wenyewe ni sehemu ya ukuta wa njia ya oili, ukiuondoa oili inavujia pale na upande mmoja wa roka unabaki mkavu. Ndiyo maana wanaozijenga wanatumia kifaa chenye kola au distributa kuukuu iliyoondolewa meno ya gia. Kwenye 109 gia ya pampu imeng'ang'aniana na kamshafti, drili inaleta usumbufu mtupu. Hendeli na stata vinatosha.

7. Tafuta matone, usitafute chemchemi

Wateja walioona video za injini za mashindano wanategemea kuona oili ikirushwa mpaka darini. Injini ya shafti ya roka ikiwa sailensa inatoa jasho tu: oili inachuruzika pembeni ya kila roka, inatambaa mpaka ncha ya vali na upande wa pili mpaka kikombe cha pushirodi. Hiyo inatosha, na ndivyo ilivyokusudiwa.

Ikirusha sana kuna kasoro, mara nyingi bushi zilizolegea au kizibo kilichotoka. Oili inayojaa hedi inateremkia kwenye gaidi za vali, na gari linaanza kutoa moshi wa buluu asubuhi. Mwenye gari atarudi kusema ringi zako ni feki.

Kwa kutazama injini ikiwa inawaka bila kuchafua gereji nzima, tafuta kava chakavu la tapeti, likate dirisha refu juu kwa msumeno, acha kingo zisimame. Unalifunga kwa muda, unawasha, unatazama kwa tochi roka zote zikifanya kazi. Kava letu limeshatembea mitaa kadhaa, kila gereji inaliazima, na kulirudisha ni shughuli nyingine.

8. Oili iliyopanda ina safari ya kurudi

Hili halina maneno mengi. Oili inarudi sampu kwa matundu ya hedi na njia za pushirodi. Yakiwa na tope, hedi inajaa, sampu inapungukiwa, na pampu inaanza kunyonya hewa mlimani. Mimina nusu lita juu ya hedi kabla ya kufunga kava, uone inavyoondoka. Ikibaki bwawa, chokonoa.

9. Tapeti iliyokosewa inaiga roka yenye kiu

Gari linagonga juu, mtu anakimbilia oili. Pengine ni tapeti tu. Kwenye 109 nafasi ni milimita 0.25 kwa vali zote, za kuingiza na za kutolea. Kujua ipi ya kurekebisha, tumia jumla ya 9: vali ya 8 ikiwa imefunguka kabisa, rekebisha ya 1. Ya 6 ikifunguka, rekebisha ya 3. Ya 4 kwa ya 5, ya 7 kwa ya 2, kisha kinyume chake mpaka umalize. Kijana asiyejua kusoma kitabu cha injini anaikumbuka hiyo mpaka anazeeka.

Ila fila geji ina udhaifu. Ncha ya roka ikiwa imeliwa shimo katikati, geji inalala juu ya kingo na kukupa nafasi ya uongo, halisi ikiwa kubwa zaidi. Roka iliyokosa oili ndiyo inayoliwa hivyo. Kwa hiyo sauti ikigoma kuisha baada ya kurekebisha tapeti mara mbili, acha spana, itazame ncha.

Roka kavu nayo ina sauti yake. Inaanza kwa mlio mwembamba kama wa nyenje, unaokuja na kupotea, kabla haijaanza kugonga. Ukiisikia injini mpya ikilia hivyo, zima. Usiseme itajilainisha.

10. Mwanzo wa kuwaka una adabu yake

109 ina tapeti zenye roli, kwa hiyo kamshafti yake haina madai makubwa siku ya kwanza. Injini zenye tapeti bapa ni tofauti. Zikiwa na kamshafti mpya, ukishawasha unazipandisha kwenye mizunguko kama 2,000 na kuzishikilia hapo, ukiipandisha na kuishusha kidogo, kwa dakika 20 hivi. Kamshafti inapata oili nyingi kwa kurushiwa na krenki, na kwenye sailensa krenki hairushi ya kutosha. Ndiyo sababu sipendi injini mpya iliyowashwa ikaachwa inanguruma polepole huku watu wakipiga picha.

Ikishapata moto na kupoa, tapeti zinapimwa tena, na hedi inakazwa tena kwa toki. Oili ya kwanza naimwaga mapema, kwenye kilomita 500, na karatasi ya filta naikata na kuitandaza juani. Mng'ao kidogo wa chuma ni kawaida kwa injini mpya. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha si kawaida. Vipande vya mpira mweusi au mwekundu ni silikoni ya mtu.

109 ya vitunguu tuliifungia shafti mpya, roka nne mpya na pushirodi mbili, na njia ya hedi ikasafishwa mpaka spoku ikapita wazi. Jaribio la kweli lilikuwa Mlima Kitonga, mwenye gari akiwa na mzigo, sisi tukimfuata nyuma. Kule juu alisimama, tukafungua kava injini ikiwa na moto. Roka ya nane ilikuwa imelowa.

Wewe mwenye gari, ukipeleka injini kufungwa upya, usiishie kumuuliza fundi wako ataimaliza lini. Mwombe akuite siku ya kuzungusha hendeli, kabla plagi hazijarudi, na usimame pale na tochi yako mpaka uone roka zote zimetoa oili. Fundi anayejua kazi hatachukia. Atakayekwambia haina haja, mlipe alipofikia ukatafute mwingine.